Harufu ya Sigara Ndani ya Morris

Kabla sijaanza, nina ombi moja kwenu wenzangu mnaolaza gari la zamani chini ya paa la nyumba yenu. Nikimaliza kusimulia, nendeni mkafungue boneti mtazame. Msiseme kesho. Familia ninayotaka kuwaeleza nayo ilikuwa ikisema kesho, na ilikuwa familia nzuri tu, watu wa heshima zao, wa hapa hapa kwetu Mawanella, kwenye barabara ya kwenda Kandy.

Nyumba ya Mzee Wimaladasa ilijulikana kwa gari lake, Morris ya kijivu ya milango miwili, iliyomzidi umri mwanawe. Kila Jumapili asubuhi mzee aliipangusa kwa fulana kuukuu, visomo vya watawa wa Buddha vikisikika kutoka kiredio cha dirishani, na sigara yake nyeusi ya kusokota ikifuka mdomoni. Jioni alikuwa na kawaida moja iliyowachekesha majirani. Akishaegesha, hufungua boneti, hulegeza kwa vidole nati yenye masikio iliyoshika waya wa betri, akauweka waya ule pembeni, kisha akafunga boneti polepole.

"Umeshamlaza mtoto?" jirani alikuwa akimwuliza juu ya ukuta.

"Amelala. Na wewe nenda kalale, acha umbeya."

Thushari, mke wa mwanawe, alipoingia nyumba ile kama bi harusi, naye alicheka. Mkwewe akamwita. "Njoo uone, binti yangu. Nikitoa waya huu, gari halina roho tena. Panya na atafune nyaya zote, hakitawaka kitu." Chini ya boneti mzee alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, kwa mkono wake mwenyewe: CHANYA IKO KWENYE BODI. USIUNGE KITU. MWITE HENDRICK.

"Maana yake nini, baba?"

"Magari ya siku hizi upande wa hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Hili la kwetu ni la kale, limepinduliwa. Bodi yote ni chanya. Mtu akija akaliungia kitu kwa mazoea ya magari mapya, atajichoma. Hendrick ndiye analijua."

Fundi Hendrick alikuwa fundi umeme wa magari tangu ujana wake. Sikio lake moja halisikii, na ulimi wake haujui kubembeleza mteja.

Basi mzee akafa. Moyo ulisimama ghafla, mchana, akiwa anatafuta viatu vyake. Nyumba ikapoa. Mjane wake, Mama Somawathie, alijifungia chumbani, na chakula alichopelekewa kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Mwezi wa kumi baada ya msiba mikono yake ilikuwa imebaki mifupa, na Thushari aliyekuwa akimwogesha alijua kwamba wakiendelea hivi watamzika na yeye. Aliliwaza hilo kila alipobeba sahani iliyojaa kurudi nayo jikoni.

Rohitha, mume wa Thushari, alikuwa karani wa posta, mtu mwema mwenye haraka. Sadaka ya mwaka ilikuwa inakaribia, siku ya kuwalisha watawa ili thawabu zimfikie marehemu, na alitaka watawa wale waletwe kwa Morris ya baba yake. Akainunulia betri mpya na matairi. Kisha akasema gari limenuna, linataka redio.

"Mwite Fundi Hendrick," Thushari alisema.

"Hendrick! Atanipigia mhadhara siku nzima, halafu gari likae kwake wiki mbili. Pale mjini duka la redio wananifungia kwa saa moja, na chai wananipa."

Na kweli walimfungia. Alirudi anacheka. "Yule kijana kaunga mara ya kwanza, redio ikatoa moshi puu! Nikadhani nimeliwa. Lakini mjanja yule! Akaleta nyingine, akageuza nyaya, akaivisha redio tepu mwili mzima isiguse chuma, ikaimba. Nikaongeza na soketi ya kuchajia simu hapo hapo."

"Fyuzi aliweka?"

"Umeanza kuwa Hendrick sasa? Kavuta waya moja kwa moja kutoka kwenye betri. Umeme safi."

Thushari alifungua boneti. Waya mpya mwekundu ulipita kwenye tundu lililotobolewa kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na mahali pa kukaa, tundu lenye kingo kali, bila hata kipete cha raba, umebanwa pamoja na nyaya za zamani zilizovikwa pamba. Pale palipokuwa na maandishi ya mzee, kijana wa duka alikuwa amebandika karatasi kubwa ya kung'aa yenye jina la duka lake. Jioni ile alinyoosha mkono alegeze nati ya betri, na mumewe akamzuia.

"Usitoe. Ukikata betri, saa ya redio na stesheni zote zinafutika. Kila asubuhi nianze kutafuta stesheni upya?"

Basi nati ikabaki imekazwa, mchana na usiku. Wewe unayenisikiliza, shika hapo.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, mvua ilikuwa inanyesha na Rohitha yuko kazini. Thushari alikuwa jikoni akimenya fenesi bichi, mikono imejaa mafuta ya nazi, aliposikia honi ya Morris. Ililia mara moja, ndefu, ikanyamaza. Alitoka mbio akidhani mumewe amerudi. Barazani, gari linapolala, hapakuwa na mtu. Ufunguo ulikuwa ukining'inia msumarini ndani. Alizunguka gari, akachungulia vitini.

Kisha akasikia kitu kikigonga ndani ya gari, kidogo sana. Tik. Kikatulia. Tik.

Aligeuka, akamkuta Mama Somawathie amesimama mlangoni, kwa miguu yake mwenyewe, nywele zimefumuka.

"Ameita," mama alisema. "Hivyo ndivyo alivyokuwa akipiga, akitoka sokoni, nimfungulie lango."

"Mama, labda ni mvua tu."

"Na hiyo ni pete yake. Alikuwa akigonga usukani na pete akinisubiri." Akasogea, akafungua mlango wa gari, akavuta pumzi. Uso ukamlegea. "Njoo unuse, Thushari. Njoo! Anavuta sigara yake."

Thushari alinusa. Kweli, harufu ilikuwapo, hafifu, kavu, ya kitu cha kale kinachoungua polepole. Hakuna aliyevuta tumbaku katika nyumba ile tangu mzee azikwe.

Jioni ile Mama Somawathie alikula wali na dengu, akaomba na pilipili ya kukaanga. Thushari alimtazama akilamba vidole, na neno alilotaka kulisema akalimeza. Ungekuwa wewe ungelisema?

Kwetu tunaamini kwamba mtu akifa moyo wake umeng'ang'ania kitu, huweza kubaki karibu na kitu kile, mwenye njaa, hadi thawabu zimfungue. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Kila alasiri mama alibeba vikombe viwili vya chai, akaketi ndani ya Morris, kiti cha abiria. Kikombe kimoja chake. Cha pili, chenye sukari nyingi, alikiweka juu ya dashibodi mbele ya usukani. Alizungumza. Alimsimulia bei ya samaki wakavu, na nani kaolewa. Na gari lilimjibu. Siku nyingine ni ile tik, tik. Siku nyingine redio iliwaka yenyewe bila kuguswa, na sauti za watawa zikajaa barazani, kwa kuwa Rohitha alikuwa ameiacha kwenye stesheni aliyoipenda baba yake. Zilisoma kidogo, zikakatika katikati ya neno.

"Baba hataki kuondoka," Rohitha alisema, macho yamemlegea. "Muache mama. Sadaka ikishatoka atapumzika."

Asubuhi moja Thushari aliingia kupangusa vumbi. Gari lilikuwa halijawashwa kwa siku mbili. Alipopitisha kitambaa chini ya redio alihisi joto. Akaweka kiganja. Chuma kilikuwa na vuguvugu la mwili, kama paji la uso la mtoto mwenye homa, na harufu ilikuwa pale pale, ikitoka ndani zaidi. Alirudi nyuma, akagonga kichwa kwenye paa. Hakujua anachokiogopa zaidi, kwamba mkwewe yumo mle au kwamba hayumo.

Wiki ile ile alikutana na Fundi Hendrick gulioni, anachagua mihogo kwa kuivunja ncha na kumkasirisha muuzaji.

"Wewe, mkwe wa Wimaladasa! Gari hajambo?"

"Hajambo. Ila... fundi, honi inaweza kulia yenyewe?"

"Sema juu, sikio hilo bovu."

"Honi! Inaweza kulia bila mtu?"

Hendrick akaacha kuchagua mihogo. "Nani kaongeza kitu kwenye gari lile?"

"Redio tu. Na ya kuchajia simu."

"Fyuzi iko wapi? Betri inakatwa jioni?" Thushari akatikisa kichwa, na Hendrick akaweka mihogo yote chini. "Jumatano nakuja. Msiliguse."

Jumanne usiku Rohitha alinuna. "Aje aniambie mbele ya mama kwamba baba yangu ni waya? Umemwona mama anavyokula? Unataka arudi kitandani?" Mama naye, aliposikia jina la Hendrick, alisema kwa sauti ya kuomba, "Binti yangu, asije akamfukuza." Basi asubuhi Thushari alichukua simu, akampigia fundi, akamwambia asije, wana shughuli. Alisema hivyo huku akitazama gari kupitia dirisha la jikoni. Aliona aibu, lakini alisema.

Sasa njoo siku moja kabla ya sadaka. Jikoni mashangazi wawili walikuwa wanakuna nazi, masufuria yamepangwa hadi mlangoni. Asubuhi Rohitha mwenyewe alikuwa ameweka kisanamu kipya cha Buddha juu ya dashibodi, chenye duara la vitaa vya rangi nyuma ya kichwa, kama vile mnavyoviona kwenye mabasi yetu. Aliisukuma redio ndani apate nafasi, akaambua tepu kidogo, akasokota nyaya za vitaa kwenye waya ule ule mwekundu, kisha akaenda mjini kuchukua sahani za kukodi. Mvua ilianza saa tisa. Saa kumi Mama Somawathie akaingia garini na vikombe vyake, akapandisha vioo.

Honi ililia.

"Mzee amefurahi," shangazi mmoja akasema, na mwenzake akacheka.

Haikunyamaza. Iliendelea, sauti moja, bila kupumua, na kicheko cha shangazi kikaisha chenyewe. Thushari aliangusha kibao cha mbuzi, akatoka. Ndani ya vioo vya Morris kulikuwa na ukungu wa kijivu. Katikati ya ukungu ule vitaa vya rangi vilikuwa vinawaka na kuzima kasi kasi kuzunguka kichwa cha sanamu, na redio ilikuwa inasoma, lakini sauti za watawa zilikuwa zimeshuka, nzito, zikijikokota. Mama alikuwa ameketi wima, anatabasamu.

Thushari akafungua mlango. "Mama, toka!"

"Leo anavuta sana," mama alisema akikohoa. "Amejua kesho tunamfungua."

"Gari linaungua! Toka, nakuomba!"

"Niache nikae naye."

Alimvuta mkono. Mikono ile aliyoijua kwa kuiogesha, iliyokuwa mifupa, sasa ilikuwa na nguvu, maana alikuwa amekula miezi miwili. Mama alishika usukani kwa yote miwili na hakuachia. Chini ya dashibodi mwali mdogo ukachungulia, wa manjano, ukalamba ubao. Mashangazi walipiga kelele. Mmoja alikuja na ndoo ya maji, na Thushari akasikia masikioni sauti ya mkwewe ya miaka ile: nikitoa waya huu, gari halina roho tena.

Alizunguka mbele akainua boneti. Moshi ulimpiga usoni. Waya mwekundu ulikuwa umevuliwa ngozi yake, uko mtupu, unang'aa kama waya wa jiko la umeme. Nati ya masikio ilikuwa ya moto. Aliishika kwa kidole gumba na cha shahada, ngozi ikalia, akaachia, akaishika tena kwa ncha ya nguo yake, akazungusha. Mara ya kwanza haikukubali. Mara ya pili ikalegea, naye akaung'oa waya wa betri akautupa pembeni.

Honi ikakatika. Watawa wakanyamaza katikati ya neno. Vitaa vikazima, na ikabaki mvua peke yake juu ya mabati.

Ndani ya kimya kile Mama Somawathie aligeuka taratibu, akatazama kiti cha dereva. "Amekwenda wapi?" aliuliza. Mikono yake ikateleza kutoka kwenye usukani, na safari hii Thushari alipomvuta alikuja kama mzigo. Mashangazi wakamwaga maji ndoo kwa ndoo chini ya dashibodi hadi ubao ukaacha kufuka.

Fundi Hendrick, aliyepigiwa simu, alifika kabla ya giza, bila kuuliza kwa nini Jumatano alizuiwa. Rohitha alikuwa amekaa kwenye ngazi na sahani zake za kukodi, kichwa kimeinama. Mama aliomba aletewe kiti, akaketi karibu kabisa na gari.

"Nieleze," alimwambia fundi. "Kimoja kimoja. Honi."

"Waya wa honi ulisuguliwa na kingo za lile tundu. Ukigusa bodi, honi inalia. Upepo unatosha, mvua inatosha."

"Na pete yake?"

"Hiyo ni pampu ya mafuta, mama. Nyaya ziliyeyuka ngozi, zikashikana, umeme ukaipitia, ikagonga hata ufunguo ukitolewa."

"Redio?"

"Waya wake ulisokotwa kwa mkono tu. Ukigusana inawaka, ukiachana inazima. Na chuma chake ni hasi, bodi ni chanya, katikati hakuna kitu ila tepu. Tepu ikilainika kwa jua, chuma kinagusa chuma. Shoti. Fyuzi ingekata pale pale. Haikuwapo."

Mama akanusa hewa ya gari. Kisha kwa sauti ndogo akauliza, "Na sigara?"

"Pamba ya nyaya za zamani. Ikiungua polepole hunuka hivyo."

"Hakuna kilichobaki basi. Hata kimoja."

Hendrick, ambaye hajui kubembeleza, alitazama chini. Halafu akainua boneti, akachomeka ukucha pembeni mwa ile karatasi ya duka iliyobabuka kwa moto, akaiambua yote. Maandishi meupe yakatokea, yameungua upande mmoja, yanasomeka. "Mumeo alisema hapa, mama. Alisema kwa mkono wake, akanitaja na mimi jina. Kwa honi, tangu afe, hakusema neno."

Mama Somawathie alisoma, akapitisha kidole juu ya kila herufi. Alipomaliza alimgeukia Thushari, aliyekuwa amefungwa kitambaa mkononi. "Ulijua?"

"Nilihisi, mama. Nikakuona unakula, nikaogopa."

"Miezi miwili nimeupa waya chai!" Na hapo akalia, kilio cha siku ya kwanza, kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia. Thushari alipiga magoti akamshika miguu, na mama alimpiga bega kwa ngumi, kisha akaliegemea bega lile lile.

Kesho yake watawa waliletwa kwa bajaji. Sadaka ilitolewa, wali ukaliwa, na mama alikula kiasi, bila kuhimizwa. Morris ilikaa kwa Hendrick si wiki mbili bali miezi mitano, ikarudi na nyaya mpya, fyuzi karibu na betri, vipete vya raba kila tundu, na hakuna redio. Ukipita pale jioni utamwona Mama Somawathie mwenyewe akifungua boneti, akilegeza nati kwa vidole, akiuweka waya pembeni. Jirani siku moja alijisahau akamwuliza kama ameshamlaza mtoto.

"Amelala," mama alimjibu. "Na wewe nenda kalale."

FUNZO

Wenzangu, gari la zamani halikatai kuongezewa kitu. Linakataa kuongezewa na mtu asiyelijua. Kabla ya redio, taa, feni au cha kuchajia simu, ulizeni kwanza upande gani wa betri umefungwa kwenye bodi. Kila waya mpya upate fyuzi yake karibu na betri, na kila tundu la chuma lipate raba yake. Gari likilala, betri ikatwe, hata kama stesheni za redio zitapotea. Na chuma kikiwa na joto wakati hakuna aliyeendesha, au ukinusa kitu kinaungua, usingoje sadaka wala Jumatano.

La mwisho ni lako wewe uliyenusa ukanyamaza kwa kumhurumia mtu. Thushari alinyamaza kwa upendo, na upendo ule nusura umuue mama aliyetaka kumwokoa. Mwambie. Atalia, lakini atakuwa hai wakati analia.